Kazi ya Jirani na Kazi ya Serikali



Msimu wa karafuu uliopita, katika mkutano wa wazee wa kanisa, mtunza hazina wetu alisimama akauliza neno ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Alisema, "Baba Mchungaji, siku hizi serikali ina vituo vya afya pande zote za kisiwa. Ina polisi. Ina fedha za wazee kila mwezi. Tena kuna wahudumu wa kujitolea wapitao nyumba kwa nyumba kuuliza habari za wagonjwa. Basi mfuko wetu wa wagonjwa ni wa nini? Je, hatufanyi kazi ya mwingine?" Baadhi ya wazee walicheka kidogo, maana ni desturi ya mtunza hazina kutopenda kuona fedha zikitoka. Lakini swali lake lilikuwa swali la haki, nami tangu siku ile nimetembea nalo. Nimeona vema kuwaandikia ninyi, hasa ninyi walimu na wainjilisti mnaokaa na watu kila siku, yale niliyoyawaza, mpate kuyapima.

Kwanza yanipasa kueleza kwa nini swali lile lilinichoma. Mwaka uliotangulia alikuja Pemba kijana mmoja wa bara kutafuta kazi ya kuchuma karafuu. Alipanga chumba katika shehia ambayo sitaitaja, akafanya kazi majuma machache, kisha akashikwa na homa na kuhara damu. Bibi mmoja jirani yake, Mwislamu, mjane, aliona mlango haujafunguliwa siku ya pili, akaingia akamkuta amelala chini. Akampikia uji. Akamwita mhudumu wa afya wa shehia ile, mwanamke wa kijiji kile kile, naye akaandika habari za mgonjwa katika simu aliyopewa kwa kazi hiyo, kisha wakampakia katika gari la ng'ombe wakampeleka kituoni. Walipofungua mfuko wake kutafuta kitambulisho, wakakuta kitabu cha nyimbo cha Kilutheri. Ndipo nilipopigiwa simu.

Nikawauliza wazee tufanyeje. Mtunza hazina akafungua daftari, akasoma majina ya wenye kutoa ahadi kutoka mwanzo hata mwisho, akasema, "Hayumo. Huenda ni wa usharika wa kwao." Nami nikasema, "Basi tungoje Jumapili tushauriane." Ilikuwa Jumanne. Kijana akafa Ijumaa.

Siandiki haya ili nimshitaki mtunza hazina. Yeye alifungua daftari kama alivyofundishwa. Aliyesema tungoje ni mimi.

Sasa na tulitazame jambo lenyewe. Wengi wetu tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba Mungu atawala ulimwengu kwa mikono miwili: mkono mmoja ni Neno na sakramenti, na mkono wa pili ni serikali na sheria zake. Fundisho hili ni la kweli, walakini ni rahisi mvivu kulifanya kichaka cha kujifichia, akasema, "Mambo ya mwili ni ya mkono ule mwingine." Afanyaye hivyo na aisome tena Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther alipoeleza maana ya mkate wa kila siku hakutaja unga na mboga tu, bali katika orodha ile ile aliweka serikali njema, akaweka na majirani waaminifu. Hakusema ukiwa na hii huna haja ya hawa. Vyote viwili ni mkate, na mwenye kukosa kimoja ana njaa.

Lakini kila kimoja kina kazi gani? Hapo ndipo penye shida, nami nitaeleza kwa mambo yaliyotukia hapa kwetu, si kwa maneno ya vitabuni.

Kisiwa chetu kilihesabiwa watu 543,441 mwaka 2022, katika mikoa miwili na wilaya nne, na chini ya wilaya ziko shehia, kila moja na sheha wake. Daktari wa Chake Chake au wa Mkoani hata akiwa na bidii ya namna gani hawezi kujua ni mlango upi haukufunguliwa leo asubuhi. Jirani anajua. Kwa ajili hiyo Zanzibar imeweka mpango uitwao Jamii ni Afya, wenye wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 katika Unguja na Pemba, waliotoka katika shehia zao wenyewe, wanaowatembelea wenye mimba na watoto wachanga nyumbani kwao. Mwanamke yule aliyempeleka kijana wetu kituoni ni mmoja wa watu wa namna hii. Hakuwa daktari. Alikuwa jirani aliyepewa simu na mafunzo kidogo, na hayo yalitosha kufanya yale ambayo mchungaji mwenye cheti cha seminari hakuyafanya.

Tena liko jambo lingine kuhusu ujirani ambalo mimi binafsi sikulijua mpaka niliposoma habari zake. Mwanzo wa mwaka 2009 watu wa shehia kadha za Unguja na Pemba, zile zilizozoea kupigwa na kipindupindu, walipewa chanjo ya kunywa, dozi mbili. Walikusudiwa watu kama 48,000, na karibu nusu yao ndio waliokunywa dozi zote mbili. Baadaye kipindupindu kikaja kweli. Wataalamu walipohesabu wagonjwa waliona kwamba walionywa chanjo wengi wao walikingwa, na hilo lilitazamiwa. Lakini waliona pia kwamba hata yule asiyekunywa alipata kinga, kama waliomzunguka waliokunywa ni wengi. Fikirini neno hili, enyi walimu wa kipaimara. Mtu aliyekunywa dawa kwa ajili yake mwenyewe, pasipo kujua amemnywea na mtu wa nyumba ya pili, hata kama wamegombana. Sisi twazoea kufundisha upendo wa jirani kama jambo la moyo tu. Hapa twaona kwamba hata matumbo yetu yamefungamana.

Nisije nikausifu ujirani kupita kiasi, nitaeleza na habari ya kichocho. Mnajua ugonjwa huu wa kukojoa damu, jinsi watoto waupatavyo katika mabwawa na vijito wanapooga na kufua. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ilifanywa kazi kubwa ya kuuondoa, na kwa upande wa Pemba ilisaidiwa na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi. Zilichaguliwa shehia 90, nusu za Unguja na nusu za Pemba. Shehia zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika theluthi moja ya shehia dawa ilitolewa peke yake. Katika theluthi ya pili waliongeza kuwaua konokono wabebao vimelea. Na katika theluthi ya tatu waliongeza mafundisho: walimu wa skuli na wa madrasa walifundishwa, vikajengwa vyoo vya kukojolea na mahali pa kufulia, watoto wakaonyeshwa michezo isiyowaingiza majini. Mimi nilipoanza kusoma habari hii nalidhani najua mwisho wake. Nalidhani shehia zilizofundishwa zitawapita wengine.

Hazikuwapita. Kichocho kilipungua sana kila mahali, lakini wala konokono wala mafundisho hayakuonekana kuongeza jambo kubwa juu ya dawa peke yake. Wataalamu wenyewe wakasema huenda mafundisho yahitaji muda mrefu zaidi, na nguvu zielekezwe pale ugonjwa ulipobaki, kwa maana haukwisha kabisa. Huenda ni hivyo. Lakini nilihuzunika kidogo, kwa kuwa mimi ni mwalimu na ningependa kusikia kwamba mafundisho ndiyo yaliyoshinda. Kisha nikawaza: vidonge vile viliwafikiaje watu? Vilipelekwa nyumba kwa nyumba na watu wa shehia zile zile. Mgeni angegonga mlango akasema, "Meza hiki," nani angemeza? Basi labda kazi ya jirani si ile tunayojivunia. Labda ni ndogo kuliko hotuba: kukibeba kidonge, kugonga mlango, na kuaminiwa.

Mpaka hapa mtu aweza kusema, "Kumbe jirani atosha, serikali na ilete dawa tu." Sivyo. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, upande wa Mkoani, watu walikula nyama ya kasa. Kasa huko ni chakula cha furaha, na hupita nyumba hata nyumba kwa kugawana. Safari hii nyama ilikuwa na sumu, ile sumu ya kasa isiyoondoka kwa kupikwa. Watoto wanane wakafa na mama mmoja, naye ni mama wa mmoja wa watoto wale. Watu 78 wakalazwa hospitali. Wala haikuwa mara ya kwanza, maana mwezi wa Novemba 2021 watu saba wa Pemba walikufa kwa jambo lilo hilo, na mmoja alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Ndugu zangu, kilichoua pale Panza si uchoyo. Mchoyo angekula peke yake, na msiba ungekuwa wa nyumba moja. Ulioipitisha sumu mlango kwa mlango ni ukarimu, jambo jema kabisa. Nimekaa na habari hii muda mrefu, kwa sababu mahubiri yetu mengi husema kana kwamba moyo mwema watosha. Moyo mwema wataka maarifa, na maarifa ya namna hii hayatoki katika kijiji kimoja. Kijiji kimoja kikila kasa miaka 20 pasipo madhara, kitasema wazee walikula na hawakufa. Ni yule anayetazama visiwa vyote, na kuandika vifo vya kila mahali katika kitabu kimoja, awezaye kusema, "Acheni." Hiyo ndiyo kazi ya serikali na ya madaktari wake, wala jirani hawezi kuifanya hata akipenda kama nini.

Katika ulinzi vivyo hivyo, ila hapa majeraha ni ya namna nyingine. Sitaki kupita haraka, maana katika Pemba neno polisi lina kumbukumbu nzito. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa upinzani. Katika siku zile watu zaidi ya 30 walikufa Zanzibar, walio wengi Pemba, na zaidi ya 2,000 walikimbia kwa vyombo vya bahari hata Shimoni, katika Kenya. Wako katika mtaa wangu watu wazima ambao wakati ule walikuwa watoto ndani ya mashua zile. Nasi twajua kwamba polisi wengi waletwao Pemba ni watu wa bara, na baadhi yao hukaa katika mabenchi yetu siku ya Jumapili. Siwahukumu kwa jambo walilolikuta. Wengi wa hao walioko leo walikuwa wangali skuli. Ila nasema hivi: mlinzi asiyewajua anaowalinda huwaogopa, na mwenye bunduki aogopaye ni hatari kuliko mwenye hasira. Kwa hiyo nalifurahi Jeshi la Polisi lilipoanza, tangu mwaka 2006, kuhubiri polisi jamii na ulinzi shirikishi, yaani polisi amjue mtu wa mtaa kwa jina lake, na mtu wa mtaa ashiriki katika kulinda.

Lakini je, watu wa mtaa wakilinda peke yao? Wazee wenu watakumbuka mwaka 1995, hofu ya popobawa. Ilianza hapa Pemba, ikavuka Unguja, ikafika na bara. Watu waliacha kulala ndani, wakakesha nje wamekusanyika kuzunguka moto, jamaa na majirani pamoja. Ukiwatazama kwa mbali ungesema, tazama jinsi watu hawa wanavyolindana. Na kweli walilindana. Lakini mjini Unguja alionekana mtu mmoja asiyejulikana, mgonjwa wa akili, aliyekuja kutoka bara kutafuta matibabu. Wakasema ndiye. Wakamwua.

Wale waliomwua hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa majirani wa mtu fulani. Kila mmoja wao, kama mtoto wa jirani yake angelia usiku, angetoka mbio kumsaidia. Yule mgonjwa naye alikuwa na majirani, lakini walikuwa ng'ambo ya bahari. Pale alipokuwa hakuna aliyejua jina lake, wala aliyeweza kusema, "Huyu namfahamu, ni mgonjwa tu, mwacheni." Siku ile alihitaji polisi, alihitaji mtu asiyemjua, asiyempenda wala asiyemchukia, ambaye kazi yake ni kusema, "Hapana, apelekwe mbele ya hakimu." Twalaumu sana ubaridi wa serikali, kwamba haimjui mtu. Lakini uko wakati ubaridi ule ndio wokovu wa mgeni.

Basi nimefika kwenye neno ambalo nadhani ndilo kiini cha jambo lote. Macho ya jirani huona karibu, na huona vema, lakini humwona aliye wake. Hapo ujirani wenyewe hauwezi kujitibu. Wala dhambi hii haikuanza kwetu. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, chatueleza kwamba katika kanisa la kwanza kabisa, lile lililouza mashamba na kugawana vyote, wajane wa wale wasemao Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hakuna aliyesema wasipewe. Walisahauliwa tu, kwa kuwa waliogawa walikuwa Waebrania, na mkono hukumbuka lugha ya nyumbani. Mkitazama majina ya wale saba waliochaguliwa kulirekebisha jambo lile, Stefano na Filipo na wenzao, mtaona ni majina ya Kiyunani yote. Mitume hawakuwaambia Waebrania wajitahidi kupenda zaidi. Waliwatia waliosahauliwa katika kazi ya kugawa.

Wajerumani wa mji wa Leisnig walijaribu jambo kama hilo mwaka 1523, na Luther akawaandikia dibaji ya taratibu zao. Waliweka sanduku moja la usharika kwa ajili ya maskini, wagonjwa, yatima na wazee, wakachagua wasimamizi kumi kila mwaka. Sanduku lilikuwa na kufuli nne za namna mbalimbali: ufunguo mmoja kwa wenye cheo, mmoja kwa halmashauri ya mji, mmoja kwa raia wa mji, na mmoja kwa wakulima wa mashamba. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Nawaonea wivu kwa kufuli zile, maana sisi tuna kufuli moja na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Walakini nimetambua ya kuwa wote wanne wenye funguo walikuwa watu wa Leisnig na vijiji vyake. Hapakuwa na ufunguo wa tano.

Na hapa kwetu mwenye ufunguo wa kwanza ni sheha. Mtu akitaka kitambulisho huanzia kwa barua ya sheha. Mzee akitaka kuandikwa huanzia kwa sheha. Ni utaratibu wa akili, maana sheha huwajua watu wake kuliko karani wa mjini. Lakini anayekujua aweza pia kukataa kukujua. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura ulisimama kwa muda hapa Pemba, kwa kuwa watu wengi walilalamika kwamba wamenyimwa barua na hivyo hawana kitambulisho. Sisemi nani alikuwa na haki katika siasa zile. Gazeti hili si mahali pake. Nasema tu kwamba mlango uliowekwa karibu na nyumba yako waweza kufungwa na mtu wa karibu vile vile.

Kwa sababu hiyo nalipendezwa na fedha za wazee zilizoanzishwa na Serikali ya Zanzibar mwezi wa Aprili 2016. Kila Mzanzibari aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye zikaongezwa, pasipo kuulizwa kama ni maskini, wala ni wa chama gani, wala kama majirani wanampenda. Mzee mgomvi hupata sawasawa na mzee mpole. Sisi kanisani hatujafika hapo; mzee mgomvi hatumpelekei hata ndizi. Lakini fedha zile nazo zina mpaka wake. Hazigongi mlango asubuhi kutazama kama bibi ameamka. Wala si za mgeni.

Naye mgeni katika kisiwa hiki ana historia. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani alipotoa amri ya kuondoa haki ya utumwa mbele ya sheria, katika amri ile ile iliandikwa kwamba mtumwa atakayedai uhuru wake yampasa aonyeshe ana makao na njia ya kujilisha, asipoweza atahesabiwa mzururaji. Fikirini mtu aliyeletwa kutoka Nyasa au Unyamwezi akiwa mtoto. Jamaa hana. Shamba ni la bwana wake. Akiacha shamba amekuwa huru, na saa ile ile amekuwa mwenye kosa. Mwaka ule ule Wakweka wa Uingereza walikuja Pemba, wakapata shamba la Banani karibu na Chake Chake, wakawapa watu kama hao mahali pa kukaa na kazi ya ujira. Hao Wakweka hawabatizi kwa maji wala hawana Meza ya Bwana, nami katika mambo hayo ningebishana nao mchana kutwa. Lakini walikuwa wameona ni nani asiyekuwamo katika daftari la mtu yeyote: si la bwana, si la ukoo, si la serikali.

Sasa nitamjibu mtunza hazina. Ndugu yangu, ni kweli, sehemu kubwa ya kazi tuliyoifanya zamani kwa mfuko wetu, wengine wanaifanya leo, na baadhi wanaifanya vizuri kuliko sisi. Tusione haya wala wivu. Mzee wetu mwenye miaka 70 na posho yake, mwenye watoto wanne na usharika mzima wa kumwimbia, akiugua hana haja sana ya shilingi zetu, ana haja ya kutembelewa. Basi na tumtembelee, na shilingi zikae. Lakini yuko mtu ambaye sheha hajamwandika kwa kuwa amekuja juzi. Jirani hamjui kwa kuwa hasemi kama watu wa hapa. Nasi hatumo naye kwa kuwa hakutoa ahadi. Wachumaji karafuu ni wa namna hiyo, na mabaharia, na mabinti wa kazi za nyumbani, na askari mpya aliyeshuka melini jana. Wengi wao si Walutheri, na wengi si Wakristo. Huyo ndiye wa mfuko wetu. Sisi wenyewe tuliotoka bara tulikuwa wageni hapa, na kama mtaniuliza ni nani katika Pemba afaaye kumtambua mgeni, nasema ni sisi, tulio wachache, tunaojua jinsi mtu anavyotazamwa anapopita.

Nilipolisema hili katika mkutano uliofuata, mzee mmoja alinipinga kwa ukali. Alisema mfuko ni mdogo, na habari ikienea kwamba twatoa kwa kila mtu, utakwisha kwa mwezi mmoja. Sikuwa na jibu jema, wala sasa sinalo. Tulikubali kujaribu mwaka mmoja. Mfuko ulikwisha mara moja, mwezi wa sita, na kwa majuma matano hatukuwa na kitu; mama mmoja wa usharika aliyezoea kusaidiwa aliambiwa angoje, naye alilia mbele yangu. Ninaandika haya ili asiwepo mtu atakayedhani nawaletea shauri lisilo na gharama. Tuliomba tena sadaka ya pekee, ikapatikana kidogo. Wazee wawili bado hawakubaliani nami.

Jambo jingine tulilolifanya ni kwamba tulimwendea yule mhudumu wa afya wa shehia, tukamwomba atupigie simu kila amwonapo mgonjwa asiye na mtu, wa dini yoyote. Alitutazama kwanza kama watu wanaotafuta waongofu kwa hila. Nikamwambia hatutachukua kitabu tuendapo kwa mgonjwa. Akasema, "Tutaona." Amekwisha kutupigia mara saba. Mara mbili alitukaripia kwa kuchelewa.

Kijana yule tulimzika Jumamosi. Wanaume wa shehia walikuja na majembe yao wakachimba pamoja nasi, kisha wakasimama kando tulipoomba, nao baadaye wakasaidia kufukia. Bibi yule mjane nilimwendea jioni, nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Nimekuja kukushukuru kwa yale uliyomtendea mtu wetu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanikaribisha kiti, wala hakusema neno juu ya hilo la mtu wetu. Nilitaka kumrudishia fedha za uji na za gari la ng'ombe, akakataa.

Tulipoanza ukurasa mpya wa daftari, wa wale wasio katika ahadi, mtunza hazina mwenyewe ndiye aliyetaka jina la kijana liandikwe la kwanza, ijapokuwa hakupata senti moja kwetu. Akashika kalamu, akaniuliza jina la baba yake. Sikulijua. Hakuna katika sisi aliyelijua. Nikampigia simu yule bibi, naye akanitajia jina la baba, na la babu, na la kijiji chao.